Kibaki Tosha, na ahadi iliyobaki hewani

Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda urais wa Kenya kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga waligawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Kila mmoja alisubiri mwenzake ajitoe.

Somo liliingia mwaka 2002. Oktoba, katika Uhuru Park, Raila Odinga alitamka "Kibaki Tosha", akimwachia Kibaki nafasi ya kugombea urais. Desemba Kibaki akapata asilimia 62.

Lakini turufu ya Raila, yaani uungaji mkono wake, ilikuwa na thamani kabla ya kura tu. Kibaki alipokwisha kuapishwa, hakuna chombo kilichoweza kumlazimisha atimize mkataba wa maelewano kati ya kambi zao, ambao kambi ya Raila ilisema uliahidi nusu ya baraza la mawaziri na cheo cha waziri mkuu. Wataalamu wa nadharia ya michezo huita hili tatizo la ahadi isiyo na mdhamini. Kisasi cha Raila kikaja katika kura ya maoni ya 2005, rasimu ya katiba iliyoungwa mkono na serikali ikakataliwa.

Mwaka 2008, baada ya damu nyingi kumwagika kufuatia uchaguzi, cheo cha waziri mkuu kiliandikwa ndani ya katiba. Tangu 2011 sheria inataka mikataba ya miungano ifikishwe kwa msajili wa vyama. Haitoshi: ichapishwe magazetini kabla ya kupiga kura, maana vyeo vinavyogawanywa humo ni mali ya wananchi.