NGAZI ZA BETHNAL GREEN



Sisi watu wa reli twazijua ngazi za stesheni kuliko abiria. Twazifagia, na taa ikifa sisi ndio wa kwanza kujikwaa. Kwa hiyo twataka kuwapa habari ya ngazi za stesheni moja ya London iitwayo Bethnal Green, katika mtaa wa wafanya kazi upande wa mashariki wa mji ule.

Stesheni hiyo iko chini ya ardhi. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza ilikuwa haijakwisha kujengwa. Mwaka 1940 ikafanywa mahali pa kujificha mabomu, na maelfu ya watu wa mtaa wakawa wakilala humo. Mlango ulikuwa mmoja tu. Ngazi ya kuteremkia ilikuwa na vidato 19, haina chuma cha kushika katikati, na taa yake ni moja, hafifu.

Halmashauri ya mtaa iliiona hatari. Mwaka 1941 iliwaandikia wakubwa wa ulinzi wa London kuomba ruhusa ya kuutengeneza mlango. Ikakataliwa. Ikaomba tena, ikakataliwa. Wakubwa waliona ni kutupa fedha.

Tarehe 3 Machi, 1943, baada ya saa mbili usiku, king'ora kililia. Watu wakateremka kwa utaratibu kama siku zote, na vidato vimelowa mvua. Punde mizinga mipya ya roketi iliyokuwa katika bustani ya karibu ikapiga kwa kishindo wasichokizoea. Wakasukumana. Karibu na mwisho wa ngazi mama mmoja aliyekuwa na mtoto akaanguka, waliomfuata wakamwangukia, na wale wa juu gizani hawakujua lo lote, wakazidi kuja. Walikufa watu 173, na 62 kati yao walikuwa watoto. Usiku ule hapakuanguka bomu hapo hata moja.

Kisha ukaja uvumi. Wengine walisema Wayahudi ndio walioleta fujo. Hakimu Laurence Dunne, aliyechunguza jambo hili, aliandika kwamba huo ni uongo mtupu. Lakini ripoti yake ilifichwa mpaka 1945. Vyuma vya kushika viliwekwa baada ya maafa. Treni zilianza kusimama hapo Desemba 1946, na hata leo abiria hushuka kwa ngazi ile.

Sisi twaitazama sana barua ya 1941. Nasi huandika za namna hiyo: taa imekufa, chuma kimelegea, sakafu yateleza. Tukijibiwa hakuna fedha, twanyamaza, maana twaogopa kuitwa wachokozi. Hilo ni kosa letu wenyewe. Mwenye kuandika barua ya hatari po pote kazini aitie tarehe, abaki na nakala, na nakala nyingine ampe katibu wa tawi lake. Akikataliwa, aandike tena juma lile lile.