Nyoka Chumbani, Mjusi Ukutani: Hoja Kuhusu Ufugaji wa Wanyama Watambaao Mitaani

Ufugaji wa nyoka na mijusi kwa ajili ya kujiburudisha ni uraibu ulioenea Ulaya na Marekani. Je, kijana wa Kariobangi akitamani kuwa na nyoka wake, tumjibu nini? Wengi wetu hutoa jibu kabla ya kufikiri: huyo ni mchawi, au amerukwa na akili. Makala haya mafupi yanashikilia kuwa tamaa ya kijana huyo haina kosa. Kinachostahili kujadiliwa ni mnyama anapotoka na mahali atakapowekwa.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo taaluma yetu. Kiswahili hakijamtendea haki mnyama atambaaye. Husemwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mjusi mdogo anayetusaidia kula mbu na nondo ukutani tumemwita mjusi kafiri, jina ambalo wengi hulihusisha na masimulizi ya kuwa alipuliza moto aliotupwa ndani yake Nabii Ibrahimu. Hata hivyo, fasihi yetu ina sauti nyingine. Katika ngano ya Hasibu Karimu Dini, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere wa 1870, mfalme wa nyoka humkirimu binadamu aliyepotea, naye binadamu ndiye anayekuwa sababu ya kuuawa kwa mfadhili wake. Msimulizi wa Unguja alikwisha kujiuliza, kabla yetu, ni nani hasa mwenye sumu.

Hata hivyo, kumtetea nyoka si sawa na kumfungia chumbani. Kwanza, ipo sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kuweka mnyama wa mwituni bila kibali, na nyoka wa Kenya ni wanyamapori kama alivyo simba. Pili, ipo hali ya makazi. Nyumba nyingi za Kariobangi zimebanana, jirani na jirani wakitenganishwa na ukuta mmoja. Kifutu au swila akitoroka kwenye kasha lake, atakayemkanyaga usiku huenda akawa mtoto wa jirani ambaye hakuulizwa rai yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha sumu ya nyoka miongoni mwa magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Basi uraibu wa mmoja usiwe kilio cha jengo zima.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Katika msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru huko Morogoro, anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu ing'aayo. Makao yake ni mikadi ya msitu huo. Uzuri wake ulimponza. Wafugaji wa ng'ambo walipomtamani, walikamatwa maelfu, na wakamataji wengine wakaikata mikadi yenyewe ili kuwafikia. Ilibidi mkutano wa CITES wa 2016, uliofanyika Johannesburg, umwingize katika orodha ya viumbe ambao ni marufuku kuwatoa mwituni kwa biashara ya kimataifa. Kwa hiyo, anayesema anampenda mnyama na aeleze kwanza amempata wapi.

Je, tumkataze kijana wetu? La. Tumpe mahali. Nairobi ina Bustani ya Nyoka, iliyofunguliwa 1961 kando ya makumbusho, na Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken lililoanzishwa 1980. Mbona shule au ukumbi wa vijana wa Kariobangi usiwe na kasha moja, lenye kibali na msimamizi aliyefunzwa, la nyoka wa nyumbani wa rangi ya hudhurungi, asiye na sumu na ambaye chakula chake ni panya? Mtoto aliyemwona nyoka huyo kwa utulivu hatakimbilia rungu kila aonapo kitu kirefu kikitambaa. Ama mjusi kafiri, yeye hahitaji kasha. Aachwe ukutani aendelee na kazi yake.

Sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Tunayo majina: chatu, koboko, swila, kifutu, ukukwi. Lakini mjini yote yamemezwa na neno moja tu, nyoka, nazo kamusi zetu mara nyingi hutosheka kutuambia kuwa hiyo ni aina ya nyoka. Asiyeweza kumtaja mnyama kwa jina lake hawezi kumtenganisha mwenye sumu na asiye nayo. Atawaua wote, au ataumwa na yule aliyemdharau. Natoa rai kwamba fafanuzi hizo ziandikwe upya kwa ushirikiano na wataalamu wa wanyama, zieleze rangi, umbo, makazi na hatari ya kila mmoja. Kazi hiyo haihitaji kasha wala kibali.