Bei ya punguzo Nyakato: tazama tarehe kwanza



Huku Nyakato, kandokando ya barabara ya Musoma, bango la "bei ya punguzo" linatuvuta kama karabai inavyovuta dagaa usiku wa giza. Nami nilivutwa. Nilibeba katoni nzima ya biskuti, kufika nyumbani nikakuta zimebakiza siku tisa kuisha muda wa matumizi. Watoto walizila mpaka wakawa wanazikimbia.

Tangu hapo nanunua kwa akili. Chumvi, sabuni ya mche, kiberiti, majani ya chai, sukari: hivyo beba, vikae ndani. Mafuta ya kula, gawa bei ya dumu kwa lita zake kabla ya kushangilia. Mara nyingine dumu la lita 5 linauzwa ghali kuliko chupa tano za lita mojamoja. Sembe nachukua, lakini dona la bei chee naliogopa, maana husagwa pamoja na kiini cha mahindi chenye mafuta, na unga wake huchacha upesi. Kopo lililovimba sichukui hata nikipewa bure. Dagaa je? Hao nawafuata soko la Mwaloni Kirumba, nishike na kunusa mwenyewe.

Tangu Julai 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Naomba wakaguzi wao wapite na huku, wawabane wenye maduka wanaobandika karatasi ya bei mpya juu ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Jumamosi iliyopita nilibandua moja kwa kucha, muuzaji akanuna.

Mama wa watoto wanne,
Nyakato, Mwanza