Meza ya mninga isiharibiwe na taa ya kubahatisha

Msimu wa korosho ukimalizika na malipo ya stakabadhi ghalani yakiingia, mafundi wa Masasi na Newala huwa hawashikiki. Nyumba zilizoishia kwenye lenta hupauliwa, na zilizokwisha kupauliwa huingizwa umeme. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya, na chumba cha kulia ni mojawapo ya mahali zinapopotelea.

Mara nyingi mkulima huyo meza anayo tayari. Ni ya mninga, ya watu sita au wanane, kazi ya seremala wa palepale. Kisha anapanda basi hadi Kariakoo, anaona taa ya kuning'inia yenye matawi matano, vioo na rangi ya dhahabu, anailipia. Risiti ina maneno yale yale: mali ikishauzwa hairudishwi. Ikifika nyumbani taa inang'aa kivyake na meza imepooza kivyake.

Kosa si la taa wala la meza, ni kununua bila vipimo. Meza yenye upana wa sentimita 90 hutosheka na taa ya sentimita 45 hadi 60, yaani kati ya nusu na theluthi mbili ya upana huo. Sehemu ya chini ya taa ikae sentimita 75 hadi 90 kutoka juu ya meza, ili waliokaa waonane bila kupigwa na mwanga machoni. Lakini nyumba ambayo meza husukumwa ukutani wageni wakija (na nyumba hizo ni nyingi) haihitaji taa ya kuning'inia kabisa. Itagonga watu vichwa. Inayofaa ni ile ya kubandikwa darini.

Linalosahaulika zaidi ni rangi ya mwanga. Boksi la balbu huwa na namba yenye herufi K. Balbu ya 6500K hutoa mwanga mweupe wa kuelekea buluu, unaofaa dukani au kwenye banda la kuku kuliko mezani, kwani wekundu wa mninga hufifia ukafanana na ubao wa msonobari uliopakwa rangi. Ya 2700K au 3000K huutoa wekundu huo, na hata mchuzi huonekana umeiva.

Kuna na bili. Balbu tano za zamani za wati 60 ni wati 300. Zikiwaka saa tatu kila usiku zinakula uniti 27 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la D1, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya theluthi, kwa ajili ya kula ugali tu! Balbu tano za LED za wati 7 hutumia uniti 3 na kitu. Anayetumia sola ndogo hana hata haja ya kupiga hesabu.

Uzito nao usidharauliwe. Ndoano ya taa nzito ifungwe kwenye mbao ya kenchi, kamwe isiachiwe jipsamu peke yake.

Ajabu ni kwamba seremala aliyechonga meza ndiye mwenye vipande vya mninga vilivyobaki, vya rangi ile ile. Fremu ya taa ni kazi ya siku moja au mbili kwake. Kofia yake inaweza kuwa kikapu cha milulu kama vinavyosukwa Iringa, maana LED haitoi joto la kukiunguza kama balbu za zamani, mradi kisigusane nayo. Badala yake anamwachia mteja aende Kariakoo na fedha ya taa mfukoni. Wauza taa nao wangeweka futi kamba kaunta na kumuuliza kila anayeingia meza yake ina upana gani, wachache wangerudi kugombania risiti.