Kujitegemea Hakukuanzia Ulaya

Kwa muda wa miaka hamsini na kitu sasa, waandishi wa Ulaya, Marekani na Japani wamekuwa wakitoa vitabu vya kumfundisha binadamu kuishi kwa jasho lake mwenyewe: alime chakula chake, akinge maji ya mvua, ajenge kwa udongo na miti iliyo karibu naye, wala asiiharibu ardhi aliyowekwa juu yake. Vijana wetu waliosoma wanavipenda vitabu hivi, nasi hatuwalaumu. Bei ya unga ikipanda, mvua ikikosa kunyesha kwa wakati wake na kazi za mshahara zikawa adimu, mtu mwenye akili hujiuliza afanye nini kwa mikono yake miwili. Swali letu ni jingine. Mbona kijana wa Kilifi au wa Siyu, akitaka kujua namna ya kujitegemea, kitabu anachokitafuta kwanza ni cha mtu wa Wales?

Tuvipe kwanza vitabu hivyo haki yake. E. F. Schumacher, mzaliwa wa Ujerumani aliyetumikia shirika la makaa ya mawe la Uingereza kwa miaka ishirini, alitoa mwaka 1973 kitabu kiitwacho Small Is Beautiful, akaipinga fikira ya kwamba kila kikubwa ndicho bora. Alitaka nchi maskini zitumie mitambo midogo ya bei nafuu, ambayo fundi wa kijijini aweza kuitengeneza ikiharibika. Aliyepata kuona trekta la msaada likiota kutu kwa kukosa kipuri kimoja hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1976 John Seymour, huyo mtu wa Wales tuliyemtaja, akatoa The Complete Book of Self-Sufficiency, na kwa michoro mizuri akaonyesha jinsi ekari moja, au tano, zinavyoweza kuilisha nyumba. (Kweli, mna ndani yake kurasa za kufuga nguruwe na za kupika pombe, Mwislamu atazipita, na zitakazobaki zitamtosha.) Naye Masanobu Fukuoka, mkulima wa kisiwa cha Shikoku huko Japani, aliandika mwaka 1975 jinsi alivyoacha kuitifua ardhi na kuacha mbolea na dawa za dukani, akawa huyarudisha mabua ya mpunga shambani yakaoze palepale.

Lakini kilichowafaa watu wetu zaidi ya hivyo vyote ni kile cha David Werner, Where There Is No Doctor, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1977 na ambacho tafsiri yake ya Kiswahili inajulikana kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Werner hakukaa mjini akawaza. Aliishi na wanavijiji wa milimani huko Mexico, akakiandika kwanza kwa Kihispania, lugha yao, akiwajibu maswali waliyomwuliza: mtoto akiharisha, anyweshwe nini, jeraha likitunga usaha, lisafishwe vipi, dawa gani ya dukani ni ya kupoteza fedha bure. Ndiyo maana kikaweza kuhamia kwetu. Kitabu kilichoandikwa kwa kumsikiliza mtu wa kijijini hueleweka kijiji chochote.

Basi hapo ndipo ilipo hoja yetu. Tumevipokea vitabu hivi kana kwamba vimeleta jambo jipya lisilopata kusikika kwetu, na sivyo hata kidogo.

Msomaji wa pwani hana haja ya kukumbushwa ile hadithi ya mtu wa Madina aliyekwenda kuomba kwa Mtume (S.A.W.), akaulizwa nyumbani kwake kuna nini. Vitu vyake viwili, nguo na chombo cha kunywea, vikanadiwa kwa dirhamu mbili; moja akanunulia watu wake chakula, ya pili akanunulia shoka, akatumwa kukata kuni na kuuza. Wala haikuishia katika mawaidha. Mwishoni mwa karne ya 12, Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, mji uitwao leo Sevilla katika Uhispania, alitunga Kitab al-Filaha, kitabu kikubwa cha ukulima kilichoeleza habari za mimea zaidi ya 500: namna ya kuujua udongo mwema na mbaya, samadi ipi iwekwe wapi, maji yagawanywe vipi, miti iunganishwe vipi, nyuki na njiwa wafugweje. Kilichapishwa Madrid mwaka 1802 pamoja na tafsiri ya Kihispania, kwa kuwa Wahispania waliona bado kina faida kwa mashamba yao baada ya miaka mia sita. Karibu nasi zaidi, huko Yemen, mfalme al-Ashraf Umar wa ukoo wa Rasuli aliandika kalenda ya mwaka 1271 iliyoonyesha nyakati za kupanda na kuvuna pamoja na misimu ya vyombo kusafiri.

Na hapa kwetu je? Hapa wazee walikuwa na kalenda yao wenyewe. Tunaufuata mwezi mwandamo kwa ajili ya ibada, lakini mkulima na nahodha walikuwa na mwaka mwingine wa siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani makumi. Miongo 36 ikiisha, hubaki siku tano za gatha, kisha mwaka mwingine ukaingia. Makunduchi, Unguja, siku hiyo bado husherehekewa kwa Mwaka Kogwa. Mzee wa shamba hakusema "nitapanda mwezi wa Aprili". Alisema mwongo gani, akajua mvua i wapi, kusi litashika lini, na bahari itatulia lini kwa matlai. Vijana wangapi leo waweza kukutajia mwongo tulio nao? Hata wazee wenyewe wamepungua.

Chukua mnazi. Mgeni huona mti mmoja na tunda moja. Mpwani ana kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi na mbata, na kila jina lina kazi yake na wakati wake wa kuangusha. Mkwezi hujua kabla hajapanda ni lipi la kuteremsha na lipi la kuacha. Makuti ya viungo yaezeka, makumba yazungushia ua. Makumbi hufukiwa katika tope la pwani mpaka yaoze, kisha hupondwa yakatoka usumba, nao ukasokotwa kamba. Kifuu huwa upawa, chelewa huwa fagio, pakacha hubeba samaki sokoni, chicha hupewa kuku. Hapana kilichotupwa. Wazungu sasa wana vitabu vizima vya kufundisha kwamba takataka za kazi hii ziwe mali ya kazi ile, na mama wa Takaungu alikuwa akifanya hivyo bila ya kuambiwa na mtu.

Chukua na mikoko. Fundi hakusema "mti wa baharini" akanyamaza. Ana mkoko wa boriti, ana mkandaa ambao gome lake hutiwa rangi ngozi na nyavu, ana mlilana wa kuchonga mataruma ya vyombo, ana mchu, muia na mkomafi. Na ukataji ulikuwa na vipimo: fito, pau, boriti, nguzo, kila kimoja na unene wake. Chukua maji: nyumba za Lamu zilikuwa na mabirika, na ndani ya birika mlitiwa visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Na vile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo wengine huviona ni mahali patupu pa kujengea hoteli, ndivyo vinavyoyachuja maji ya mvua na kuyahifadhi chini, yakateka kisiwa kizima.

Elimu yote hii iko wapi? Nyingi iko vifuani. Kidogo iliyoandikwa imeandikwa kwa juhudi za watu wachache, na hapa hatuna budi kumtaja marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017. Watu wengi humkumbuka kwa neno runinga. Lakini kazi yake iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni ile ya kukusanya majina na matumizi ya vitu vya pwani kabla havijapotea. Sambo ya Kiwandeo ni utenzi wa kuunda chombo, toka mti mpaka tanga; Umbuji wa Mnazi, uliotoka Nairobi mwaka 1985, ni utenzi wa mnazi na kila kitokacho kwake. Hivi ndivyo vitabu vyetu vya kujitegemea. Sambo ya Kiwandeo ilichapishwa wapi? Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Na kabla yake, Desturi za Waswahili, kitabu chenye maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Yaani mwanachuoni wa Ulaya alijua thamani ya maneno ya mzee wetu akayapiga chapa, nasi wenye mzee tukangoja.

Wala si kwamba pwani haikuwa na desturi ya kuandikia watu wake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome, wafanye kazi na waache israfu. Hakuwa na mtambo mkubwa wala msaada wa serikali.

Walakini tusije tukafikiriwa kuwa twataka watu warudi enzi za mababu. Si kila la kale ni la kufuata. Makuti ni baridi na rahisi, lakini Lamu inajua moto ulivyopita katika mitaa yake ya makuti zaidi ya mara moja. Boriti zilikatwa na kupelekwa Uarabuni na Ghuba kwa majahazi mpaka mahali pengine mikoko ikawa vichaka. Vipimo vya fundi havikuuzuia uchu wa mfanyibiashara. Hata miongo yenyewe, mvua zikibadilika kama zinavyobadilika siku hizi, yahitaji kuangaliwa upya na wakulima pamoja na wataalamu wa hewa. Mfano mzuri wa kuunganisha ya kale na mapya uko Gazi na Makongeni, Kwale, ambako tangu mwaka 2013 wanavijiji katika mradi wa Mikoko Pamoja wanailinda mikoko yao na kulipwa kwa hewa ukaa inayofyonzwa na miti hiyo, na fedha hizo hutumika kwa maji na shule. Mfano mwingine uko Bamburi, ambako kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe tupu, kisha akaleta majongoo wale majani makavu na kuyageuza udongo. Jongoo, ambaye sisi tukimwona ndani ya nyumba twamfagia!

Liko jambo moja ambalo vitabu vya ugenini haviligusi, nalo ndilo gumu kuliko yote. Seymour anamwambia msomaji wake apange ekari zake. Anachukulia kwamba msomaji anazo. Pwani yetu ina maelfu waliozaliwa juu ya ardhi ambayo cheti chake ki mikononi mwa mtu mwingine. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai yao. Ambaye hakudai, kwa kutojua au kwa kukosa wa kumwandikia, ardhi yake ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na wajukuu wake wakaitwa maskwota. Mnazi wetu wa asili huchukua miaka sita hadi minane kabla haujaanza kuzaa, na huishi zaidi ya miaka sitini. Nani atapanda mti wa namna hiyo hali ya kuwa hajui kama mwakani atakuwapo? Atapanda mahindi, na baada ya mahindi atachoma makaa.

Wazee walikuwa na dawa ya hili pia. Katika desturi ya pwani, mwenye ardhi aweza kuwa mmoja na mwenye minazi akawa mwingine, na mti ukauzwa, ukarithiwa au ukawekwa wakfu peke yake. Aliyepanda alijua kwamba jasho lake halitapotea hata kama kiwanja si chake. Tangu Katiba ya 2010 nchi ina Tume ya Taifa ya Ardhi, na tangu 2016 ina sheria ya ardhi za jamii. Wanasheria wetu wa pwani, na makadhi wanaoamua mirathi kila siku, wangefanya kazi ya maana wakiichunguza desturi hii na kuandika, kwa Kiswahili chepesi, ni kiasi gani yaweza kumlinda mpanzi wa leo.

Na kwa hayo mengine, kazi yaweza kuanza bila kungoja bajeti ya kaunti. Kila kijana ana simu yenye kunasa sauti. Aende Matondoni kwa fundi wa majahazi, aende kwa mkwezi, kwa mama asukaye makuti, kwa nahodha aliyestaafu anayeijua miongo. Aulize jina la kila kitu na sababu yake, aandike kama alivyoambiwa, asimsahihishe mzee Kiswahili chake. Walimu wa Kiswahili wa shule za pwani wawape wanafunzi wao kazi hii likizo ijayo, na wachapishaji wa Nairobi, ambao hutoa vitabu vya mitihani kila mwaka, watenge kurasa chache kwa kitakachopatikana. Umbuji wa Mnazi nao upigwe chapa tena, na nakala ziwekwe katika maktaba ya kila shule toka Vanga hadi Kiunga.