Msalaba Si Hirizi



Juma hili kijana mmoja wa kwaya aliniuliza: "Padre, ni kweli msalaba humfukuza mnyonya damu?" Nilidhani anamzungumzia mumiani wa bibi zetu wa pwani, kumbe amemsoma Dracula.

Sikatazi riwaya. Bram Stoker wa Ireland alichapisha kitabu hicho mwaka 1897. Jina aliliazima kwa mtawala wa Wallachia wa karne ya 15, na silaha akazitwaa altareni: humo Hostia Takatifu inatumika kuziba kaburi. Waliomfuata wametujengea karne za kati zenye giza tupu, za watawa wakatili na mioto ya kuwachoma wachawi. Hapo ndipo ninapogomba.

Kwanza, wanapotosha historia. Watu wapatao 40,000 hadi 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi, wengi wao katika karne ya 16 na ya 17, baada ya karne za kati kupita, mikononi mwa Wakatoliki na Waprotestanti pia. Sisemi haya ili kunawa mikono kama Pilato. Malleus Maleficarum, kitabu kilichowachochea wawindaji wale, kiliandikwa na mtawa wa Kidominikani, Heinrich Kramer. Dhambi hiyo ni yetu; tuikiri.

Pili, na hili laniuma zaidi, hadithi hizo hugeuza sakramenti kuwa dawa. Je, sisi tu salama? Rozari zetu zaning'inia garini kama hirizi, wala hazisaliwi. Mwaka 1995 hofu ya popobawa iliwalaza watu nje Unguja na Pemba. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Hiyo si riwaya, ndugu zangu. Ni moto uleule wa Ulaya, na kuni tunazitia sisi.

Bagamoyo inajua giza la kweli. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika hapa mwaka 1868, hawakukuta mazimwi. Walikuta binadamu wakiuzwa na binadamu wenzao, wakawakomboa baadhi yao na kuwajengea kijiji. Msalaba uliosimamishwa hapa ulimtazama mtu aliyefungwa minyororo na kumwita ndugu.

Basi, kijana wangu, soma riwaya yako. Kisha nenda ukamtembelee yule bibi jirani ambaye mtaa mzima unamnong'ona. Huko ndiko msalaba hufukuza giza.

Mungu awabariki.