Paka ni twahara, lakini asilale ndani ya chandarua



Adha ya miezi ya kaskazi katika mwambao wetu, kuanzia Desemba hadi Machi, kila nyumba inaijua. Mchana joto linapita nyuzi 30, na usiku hewa haitembei. Umeme ukikatika pangaboi linasimama, na hapo madirisha hufunguliwa yote, mlango wa uani huachwa wazi, na wengine hushusha godoro sakafuni au hutandika mkeka barazani. Paka naye hupita dirishani apendavyo. Alfajiri mwenye nyumba anamkuta amelala miguuni pake, au ubavuni mwa mtoto, ndani ya chandarua.

Je, kuna ubaya? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, zahanati na msikitini, kwa kuwa watu wanajua kwamba mimi ni tabibu na pia nimepita madrasa. Mitaani majibu ni mawili. Wapo wasemao kuwa paka ni mnyama aliyependwa na Mtume (s.a.w.), hivyo kulala naye ni baraka, na anayekataza anapinga Sunna. Wapo pia wasemao kuwa paka ndiye chanzo cha pumu, utasa na kuharibika kwa mimba, hivyo atiwe ndani ya gunia akatupwe sokoni. Maoni yangu ni kuwa makundi yote mawili yamekosea, na wanaoumia kwa makosa hayo ni wasioweza kujisemea: mtoto mchanga, mimba iliyo tumboni, na paka mwenyewe.

Dini imesema nini

Tuanze na dini. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo kuwa Kabsha bint Ka'b alimmiminia baba mkwe wake, Abu Qatada (r.a.), maji ya kutawadhia. Akaja paka akitaka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona Kabsha anashangaa, alimweleza mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu. Hapa ndipo hukumu ya paka inapotofautiana na ya mbwa, ambaye chombo alichokiramba huoshwa mara saba.

Hukumu hiyo hatuna ubishi nayo. Lakini tuangalie inazungumzia nini. Inazungumzia twahara: maji, chombo na udhu. Haisemi kuwa paka hana maradhi. Chukua mfano wa udongo. Udongo ni twahara, tena tunatayamamu kwao pale maji yanapokosekana. Pamoja na hayo, hakuna tabibu wala mkunga atakayekubali upakwe kwenye kitovu cha mtoto mchanga, kwa sababu ndani yake mna vijidudu vya pepopunda. Udongo haukupoteza twahara yake kwa kusema hivyo. Twahara ni jambo moja, usalama wa afya ni jambo jingine, na Muislamu ameamrishwa kuyaangalia yote mawili.

Isitoshe, Sahaba aliyejulikana kwa jina la kunia linalotokana na kipaka, Abu Hurayra (r.a.), ndiye aliyepokea hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, inayomfundisha Muislamu akung'ute tandiko lake kabla ya kulala, kwa kuwa hajui nini kimeingia humo baada ya yeye kuondoka. Basi mwenye kudai kuwa anamfuata Abu Hurayra katika kupenda paka, amfuate pia katika kukikagua kitanda.

Kuna na kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Mtume (s.a.w.) alikata mkono wa nguo yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Wala hatukihitaji ili tujue huruma, kwa sababu tunayo hadithi sahihi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumpa chakula wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Hadithi hiyo inawahusu moja kwa moja wale wa gunia.

Tusisahau pia kuwa mkojo na kinyesi cha paka ni najisi. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, unywele uliong'oka kwa mnyama aliye hai asiyeliwa nyama yake huhesabiwa ni najisi, ila kidogo husamehewa. Kwa hiyo anayeamka na kanzu iliyojaa manyoya, kisha akaenda nayo msikitini, ana suala la kumuuliza sheikh wake.

Madhara yenyewe ni yapi

Ndugu msomaji, ukiniuliza ni kitu gani kinanitia hofu zaidi katika jambo hili, sitakutajia ugonjwa wa paka. Nitakutajia mbu.

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Chandarua kinasaidia kikiwa kizima na kingo zake zimechomekwa chini ya godoro. Paka hajui kuchomeka. Akiingia huifunua kingo, akitoka huifunua tena, na kucha zake huacha matundu ambayo kila wiki yanaongezeka. Aliletwa kwetu mtoto mwenye homa kwa mara ya pili katika muda mfupi, na kipimo kikaonyesha malaria. Mama aliapa kuwa mtoto analala ndani ya chandarua chenye dawa, na alikuwa anasema kweli. Nilipomuuliza nani mwingine analala humo, mtoto mwenyewe ndiye aliyejibu: paka. Alikuwa akiingilia upande wa ukutani, na upande huo ndio aliolala mtoto.

Tangu enzi za Hati Punguzo, mpango ulioanza mwaka 2004 wa kuwapunguzia wajawazito bei ya chandarua, nchi yetu imetumia fedha nyingi kuviingiza vyandarua majumbani. Ni hasara kubwa kukipata chandarua, ukakitundika, kisha ukakifungulia mlango kila usiku.

La pili ni ngozi. Joto la mwili wa paka ni kati ya nyuzi 38 na 39, yaani limezidi la kwetu. Kumkumbatia usiku wa kaskazi ni kujiongezea jasho, na jasho linaleta harara. Harara inawasha, mtu anajikuna, ngozi inafunguka. Hapo mate na kucha za paka hupata njia. Mdomoni mwa paka mna bakteria ambao hawamdhuru yeye, lakini wakiingia kwenye kidonda huleta uvimbe na usaha, na kwa mgonjwa wa kisukari hilo si jambo dogo. Viroboto nao hueneza baina ya paka vijidudu ambavyo, paka akimparura mtu, vinaweza kumletea homa na kuvimba tezi za kwapani au shingoni. Choa na mapunye ya watoto wakati mwingine hutoka kwa paka, hasa watoto wa paka, ambao ndio wanaopendwa zaidi kupakatwa.

La tatu ni kichaa cha mbwa. Jina linatudanganya, kwani paka naye huupata akiumwa na mnyama mwenye ugonjwa huo, na akiupata huweza kumwambukiza binadamu. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Kwa hiyo mtu akiumwa au kuparurwa na paka, hasa paka asiyechanjwa au aliyebadilika tabia ghafla, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa, wala usingoje uone itakuwaje.

La nne ni pumu. Paka hamwanzishii kila mtu pumu. Lakini kwa mwenye mzio, mate ya paka yaliyokaukia kwenye manyoya na magamba madogo ya ngozi yake huweza kuamsha kifua. Chumba kidogo, joto, na paka juu ya mto, ni usiku wa kukohoa.

La tano ni ugonjwa unaoitwa toksoplasmosisi, na hapa nataka kumtetea paka. Ni kweli kuwa mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika, na mimba inaweza kuharibika. Ni kweli pia kuwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka anaweza kuugua ubongo. Lakini vimelea hivi hupitia kinywani. Hutoka kwenye kinyesi cha paka, na pia kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Tena kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vimelea huhitaji siku 1 hadi 5 ili vikomae. Kwa hiyo mama aliyeharibikiwa na mimba asihukumiwe na mawifi kwamba ni kwa sababu ya paka wake. Na habari ya manyoya ya paka kuleta utasa haina msingi.

"Mbona babu zetu walilala nao?"

Hili nalo husemwa sana. Ndiyo, walilala nao, na pia walizika watoto wengi. Mtoto akikakamaa kwa degedege, ilisemwa ni shetani au ni ndege aliyepita usiku. Leo tunajua kuwa nyingi katika degedege hizo zilikuwa malaria kali. Simsemi vibaya mzee yeyote. Walifanya kwa kadiri ya walichokijua. Sisi tunajua zaidi, na tutaulizwa kwa tunachokijua.

Nini kifanyike

Sikuambii ufunge madirisha usiku wa joto. Weka wavu wa dirishani. Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, anza na chumba wanacholala watoto. Wavu huo unazuia mbu na paka kwa pamoja.

Mpe paka mahali pake. Usiku wa joto yeye mwenyewe hupenda sakafu baridi yenye upepo. Gunia safi au kipande cha mkeka barazani, na bakuli la maji, vitamtosha. Mlishe jioni kabla nyumba haijalala, ili asije kukuamsha usiku kwa njaa. Atalia dirishani siku za mwanzo. Mvumilie bila kumpiga, atazoea.

Kinyesi chake kiondolewe kila siku, kwa sababu ya zile siku nilizozitaja. Kazi hiyo asifanye mama mjamzito. Baba, kijana wa kiume, hii ni kazi yenu, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Mchanga wanaochezea watoto ufunikwe usiku, kwani minyoo ya paka huweza kuingia kwenye ngozi ya mtoto na kutambaa chini yake, ikimwasha kwa siku nyingi.

Mpeleke kwa wataalamu wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa na apewe dawa ya minyoo na viroboto. Angalizo: usimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa. Baadhi yake zina kemikali ya permethrin kwa kiwango kinachoweza kumuua paka.

Chandarua kilichotoboka kishonwe leo kwa sindano na uzi.

Na wapo ambao kwao sina mjadala: mtoto mchanga, mjamzito, mwenye pumu, mwenye kinga iliyoshuka, mwenye kisukari aliye na kidonda. Hawa wasilale na paka, iwe joto au baridi. Mtoto mchanga hana hata nguvu ya kumsukuma paka aliyejilaza karibu na pua yake.

Atabaki bibi mtu mzima anayeishi peke yake, ambaye paka ndiye anayemsikia akikohoa usiku. Huyo sitamnyang'anya mwenzake. Nitamwomba tu amtandikie kitambaa karibu na kitanda, nje ya chandarua, na kitambaa hicho kifuliwe kila wiki. Na nitawauliza wajukuu zake, mbona bibi hana wa kulala naye nyumba moja isipokuwa paka?

Ndugu msomaji, usiku wa leo kabla hujazima taa, kung'uta tandiko lako kama ulivyofundishwa, pitisha mkono kwenye kingo zote za chandarua cha watoto, kisha umtoe paka kwa upole na umwekee maji nje. Asubuhi ukimkuta barazani, mpe chakula chake kwanza.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiq.